Uvimbe wa Taya na Watoto wa Kandokando ya Ziwa

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyevimba taya. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja, na uvimbe wa mfupa nao huwa na mahali pake ulipoanzia. Mtoto huyu alikuwa amevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto, pande zote nne, na meno yanacheza kwenye ufizi. Burkitt hakuwa na la kumfanyia. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi nje na mama yake, uso umevimba vilevile. Alipompima akakuta na tumboni mna uvimbe.

Nakata vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa na kuvipaka rangi katika maabara ya patholojia hapa Mwanza, na kazi hiyo imekula sehemu kubwa ya umri wangu. Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo huwa nawaanzia na ugonjwa huu, saratani iliyokuja kuitwa kwa jina la Burkitt, kwa kuwa ni wa kwetu. Wagonjwa wa mwanzo walitoka ng'ambo tu ya ziwa hili, na hata kabla ya Burkitt walikuwa wameonekana: Albert Cook, daktari mmisionari aliyefika Uganda mwaka 1897, aliandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya katika kumbukumbu za hospitali yake ya Mengo. Maandishi yakakaa miaka mingi bila mtu wa kuyaunganisha.

Burkitt alikuwa na jicho moja. La pili lilipotea utotoni. Hakuwa mtu wa maabara, wala hakuwa na fedha za utafiti za maana. Alichokuwa nacho ni swali la mtu wa kawaida: wanaougua wako wapi? Akachapisha vipeperushi vyenye picha za watoto, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiomba kila aliyekwisha kuona mgonjwa wa namna hiyo ajibu. Majibu yalipokuja akachora ramani, na ramani ikaonyesha ukanda unaokatiza katikati ya bara na kushuka upande wa mashariki. Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu aina ya Ford kwenda kuutafuta mpaka wa ukanda huo upande wa kusini. Walipita Tanganyika wakati watu wanajiandaa kwa Uhuru wa Desemba 9. Safari ilichukua wiki 10, maili 10,000 hivi, hospitali 57. Kila walipofika waliuliza lilelile.

Waligundua kwamba ugonjwa unakoma palipo na baridi. Kwenye nyanda za juu haupo, kwenye joto na mvua upo. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi aliyekuwa Entebbe, ndiye aliyetambua kwamba mwinuko maana yake ni halijoto. Wengi wakadhani basi kuna kirusi kinachosambazwa na mbu.

Kirusi kilipatikana kweli, ila si cha mbu. Mtafiti Michael Epstein alikuwa amemsikiliza Burkitt akihutubia London Machi 1961, na tangu hapo akawa anatumiwa vinyama kwa ndege kutoka Kampala. Zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Desemba 5, 1963, ukungu uliifunga London, ndege ikashushwa Manchester, na kinyama kikachelewa kufika. Maji kilimotiwa yalikuwa yamechafuka, kana kwamba yameoza. Mtu mwenye haraka angeyamwaga. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini, akaona seli nzima, hai, zimebanduka zikielea. Mwenzake Yvonne Barr akazikuza, mwenzao Bert Achong akaziandaa kwa hadubini ya elektroni, na Februari 1964 virusi vikaonekana ndani yake. Leo kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr. Hupita kwa mate, na watu wazima karibu wote duniani wanacho bila kuugua saratani. Kwa hiyo kirusi peke yake hakiwezi kuieleza ramani ya Burkitt. Kinachofuata mipaka ile ni malaria.

Hapa ndipo seli yenyewe inapoingia. Seli B ni askari wa damu anayetengeneza kingamwili, na ili amudu adui mpya, hukata na kuunga upya vipande vya jeni zake katika kromosomu ya 14. Ni kazi ya hatari inayofanywa kwa makusudi. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara huzilazimisha seli hizo kuzaana na kujikata bila kupumzika, hadi siku moja mkato unakosea: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC, inayoamuru seli igawanyike, kinaungwa kwenye kromosomu ya 14, mahali ambapo seli B haizimi kamwe. Seli iliyoharibika hivyo kwa kawaida hujiua. Kirusi kilichomo ndani huisaidia isife.

Mara nyingi, matokeo ya hali hiyo huonekana kwenye slaidi. Ukishapaka hematoksilini na eosini, seli za Burkitt hujaa zimebanana, zambarau iliyokolea, na katikati yake kuna matundu meupe yaliyotawanyika. Wataalamu huita sura hiyo anga lenye nyota. Kila nyota ni seli kubwa inayokula maiti za seli za uvimbe, kwa kuwa hapo seli zinazaliwa na kufa kwa kasi ambayo sijaiona katika uvimbe mwingine wowote. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Mimi nimezaliwa upande wa Shirati. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa huko kwetu Mara Kaskazini walio chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini ili ijulikane kama kuizuia malaria kutapunguza saratani hii. Mgawaji wa kijiji akishafika, mama alinishika pua, kidonge kinapita na uji, na uchungu wake unabaki kooni hadi mchana. Hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa tunajibu swali la Burkitt. Saratani ilipungua wakati huo, ingawa ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya vidonge, na vimelea vikaizoea klorokwini, malaria ikarudi. Jibu likabaki nusu. Hata hivyo najivunia kwamba nusu hiyo ilitoka kwetu.

Watoto wa ukanda huu wametoa zaidi ya majibu. Mwaka 1967 seli za kijana wa miaka 16 zilikuzwa maabarani, zikapewa jina Daudi. Mwaka huohuo zikakuzwa za mtoto mwingine, zikaitwa Namalwa, na baadaye zikaoteshwa kwenye matangi makubwa kutengenezea dawa ya interferoni. Hadi leo maabara duniani kote hununua seli za Daudi kwa utafiti wa kinga. Kila ninapolikuta jina hilo kwenye makala ya kisayansi, nasimama kidogo.

Na tiba ilipatikana hapahapa. Uganda haikuwa na mashine za mionzi, kwa hiyo Burkitt na wenzake wakajaribu dawa, na uvimbe wa ukubwa wa chungwa ukayeyuka kwa dozi chache za siklofosfamidi. Kituo cha tiba kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na Dakta Charles Olweny aliiendesha katika miaka migumu ya Idi Amin.

Leo katika nchi tajiri watoto 9 kati ya 10 hupona. Huku kwetu ni nusu au pungufu. Dawa si ngeni; tatizo ni kuchelewa. Mtoto hung'olewa jino, hupewa antibayotiki, hurudishwa nyumbani, na kinyama kikishakatwa kinangoja gari la kukileta, fomalini, nta, foleni, daktari wa kusoma. Wiki tatu kwa uvimbe unaokua maradufu kwa siku mbili! Ndiyo maana kopo likifika na karatasi imeandikwa "taya, mtoto", silipangi kwenye foleni. Linaingia kwenye mashine jioni hiyohiyo, na kesho yake mchana nampelekea daktari slaidi mkononi.