Saa Tatu Usiku

Daktari aliponiambia nipunguze uzito, niliacha chakula cha usiku. Ikifika saa tatu, huyo kabatini, natafuna maandazi kama mwizi nyumbani mwangu mwenyewe. Ndipo niliposoma habari za William Banting, mfanyabiashara wa mazishi wa London. Mwaka 1862 alikuwa na kilo 92 hivi, hawezi kuinama kufunga viatu. Daktari William Harvey alimkataza mkate, sukari, maziwa, bia na viazi. Lakini saa tatu usiku alimruhusu kipande cha nyama au samaki. Kwa mwaka mmoja hivi alipungua kilo zipatazo 20. Banting hakupigana na njaa ya usiku. Aliipangia saa yake. Nami sasa nala samaki wangu, kisha nazima taa ya jikoni.