Terminator Alivyofika Singida na Chenga Zake

Katika sanduku la bati alilotuachia marehemu mjomba kuna mikanda 14 ya video. Mmoja umeandikwa kwa kalamu ya wino: TEMINATA 2, KISWAHILI. Nataka nikueleze habari za mkanda huo, maana historia ya mambo madogo ya kwetu hakuna anayeiandika, na mikanda yenyewe inaota ukungu.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini bara ilikaa bila kituo hata kimoja mpaka 1994, ITV na wenzao walipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Singida ni mbali na Dar. Deki ndizo zilizotangulia kufika, hasa baada ya biashara kulegezwa enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, aliyeingia madarakani 1985. Mjomba aliuza ng'ombe wawili na magunia ya alizeti, akanunua deki, TV na jenereta ndogo, akajenga banda la miti na maturubai nyuma ya soko. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Haya nimeyapata kwake mwenyewe, na kwa wazee wa pale sokoni ambao mpaka leo wakiniona wananiita "mtoto wa Teminata".

Filamu yenyewe, Terminator 2 ya James Cameron, ilitoka Marekani Julai 1991. Maajabu yake yalikuwa yule adui, T-1000, polisi wa chuma cha majimaji. Unampiga risasi, tundu linajiziba lenyewe. Mkono wake unageuka panga. Picha hizo zilitengenezwa kwa kompyuta na kampuni ya Industrial Light & Magic, na mwaka 1992 filamu hiyo ikachukua tuzo nne za Oscar, mojawapo ya ufundi wa picha za ajabu na mbili za mambo ya sauti. Shika hapo kwenye sauti.

Kilichofika Singida kilikuwa kopi ya kopi. Mtu alikuwa na deki mbili, anaunganisha waya, huku inacheza, kule inarekodi. Sasa mkanda wa VHS, hata ukiwa mpya kabisa, uwezo wake wa kuonyesha vitu vidogo ni wa mistari kama 240 tu, na rangi ndiyo inayopata fungu dogo kuliko vyote. Nyekundu ndiyo balaa. Inamwagika nje ya mipaka yake kama wino kwenye karatasi mbaya. Kila ukinakili, chenga zinaongezeka. Sauti nayo, kwenye deki za bei nafuu, ilikaa ukingoni mwa mkanda kwenye kijia cha milimita moja, na mkanda unatembea sentimita 2.34 kwa sekunde. Kaseti ya kawaida ya redio hutembea sentimita 4.76. Yaani sauti iliyopata Oscar ilitufikia ikiwa dhaifu kuliko kaseti ya taarab, halafu nje jenereta linanguruma.

Watu wakalalamika. Wametoa kiingilio, wanaona kivuli kinapigana na kivuli, na Kiingereza hawakijui. Mjomba akasimama mbele na kuanza kueleza.

Hakuwa wa kwanza, hilo niseme wazi. Dar es Salaam walikuwapo watafsiri mashuhuri wa filamu, kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Mjomba Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Lakini alikuwa ameutazama mkanda ule mara nyingi mno, akajua kila chenga ilipo na nini kimejificha nyuma yake. "Angalieni mkono wa polisi, huo si mkono tena!" Banda zima linaona panga ambalo kwenye kioo halionekani. Baadaye koo likachoka, akaazima deki ya pili na maiki, akairekodi sauti yake juu ya filamu. Sauti ya Hollywood ikafutika, ikabaki ya mjomba, na kikohozi chake.

Mwisho wa filamu ndio unaonisumbua. Roboti mwema anashushwa kwenye chuma kilichoyeyuka ili asibaki duniani, na kitu cha mwisho kuonekana ni mkono wake, dole gumba juu. Nimeliona dole hilo kwenye laptop ya binamu yangu, safi kabisa. Kwenye mkanda wetu halipo. Pale pana wekundu mtupu, umemeza kila kitu. Na kila mtu aliyekaa kwenye mabenchi yale alijua kanuni: stelingi hafi. Mjomba angefanyaje? Alisema, "Haya, stelingi anakwenda kuoga. Akitoka atakuwa mpya." Wazee wawili pale sokoni bado wanaapa kwamba walimwona akitoka.

Alidanganya? Nadhani ndiyo. Lakini hata wenye mitambo mikubwa wanabadilisha. Filamu hiyo ilisafishwa upya mwaka 2017, wakaondoa punje za filamu mpaka watazamaji wengi wakalalamika kwamba nyuso zimekuwa laini kama nta. Jasho la Schwarzenegger limeoshwa. Angalau mjomba aliongeza kitu.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi deki. Akafuta vichwa vyake kwa spiriti, tukaujaribu mkanda. Dakika tano hivi. Picha ilikuwa inapanda na kushuka, lakini sauti ikatoka, na mama alipoisikia sauti ya kaka yake akatoka nje, hakurudi mpaka tulipozima. Fundi anasema mkanda umenata na ukungu. Utacheza mara moja, wakati huo auhamishie kwenye kompyuta, au deki itautafuna. Hawezi kuahidi.

Nimeshalipa nusu. Tumepanga Jumamosi. Nitakwenda na daftari na kalamu mbili, nianze kuandika tangu neno la kwanza, ili ukikatika katikati niwe nimefika hapo ulipofika. Mama amesema hatakuja, ila nimwandikie ile sehemu ya kuoga.