Majitaka ya Vyombo vya Baharini katika Mkondo wa Zanzibar: Kanuni ya Umbali na Mipaka Yake

Mwaka 1891 utawala wa Kijerumani ulihamisha makao makuu yake kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Sababu mojawapo ilikuwa kina cha maji: bandari ya Bagamoyo ni ya maji madogo, na meli za moshi zililazimika kutia nanga mbali na ufuko. Bagamoyo ikabaki zaidi kuwa bandari ya majahazi na mashua. Katika majahazi makubwa choo kilikuwa kisanduku kilichotokeza tezini, juu ya maji. Chombo kilipokuwa safarini uchafu ulitawanyika. Kilipotia nanga, maji yaliyojaa yaliweza kuurudisha pwani.

Kanuni ya kimataifa iliyokuja baadaye ilitungwa kwa kuzingatia meli kubwa. Kiambatisho cha Nne cha Mkataba wa MARPOL, kilichoanza kutumika Septemba 2003, kinahusu meli za safari za kimataifa zenye ujazo wa 400 na kuendelea, au zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15. Majitaka yasiyosafishwa yanaruhusiwa kumwagwa umbali unaozidi maili 12 za baharini, yaani takriban kilomita 22, kutoka nchi kavu iliyo karibu.

Kipimo hicho hakilingani na Mkondo wa Zanzibar. Kati ya Bagamoyo na Unguja pana takriban kilomita 40; chombo kilichoko katikati kiko karibu kilomita 20 tu kutoka kila upande. Aidha, jahazi la safari ya ndani halimo katika kanuni hiyo.

Ulinzi wa kitaifa ulifuata njia nyingine. Mwaka 1975 Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu, na mwaka 1994 ikatungwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Mipaka hiyo hulinda matumbawe na samaki, lakini maji hayatambui mipaka. Wakulima wa mwani wa Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, hufanya kazi wakiwa wamesimama ndani ya maji hayohayo.

Kwa hiyo, katika mkondo mwembamba umbali peke yake hauwezi kuwa kinga. Kinachobaki ni tangi la kuhifadhia majitaka chomboni na mahali pa kuyapokea bandarini, kuanzia kwenye magati ya safari za ndani.