Kobalti, Isoma na Lugha ya Maarifa: Kutoka Zürich hadi Luofu

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba metali moja, kobalti, ilipita katika njia mbili za historia ambazo hazikukutana: njia ya nadharia huko Ulaya na njia ya mgodi nchini Kongo. Suala hili linamhusu mwanafunzi wa Luofu, kusini mwa Lubero katika Kivu ya Kaskazini, ambaye huzungumza Kinande nyumbani, hutumia Kiswahili sokoni Butembo, na husoma kemia kwa Kifaransa.

Tuanze na nadharia. Kobalti ilihesabiwa kuwa na valensi tatu, ilhali katika chumvi zake ilishika hadi molekuli sita za amonia. Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen alilieleza jambo hilo kwa kuziunga molekuli hizo katika minyororo. Mnamo 1893 Alfred Werner, kijana wa miaka 26 huko Zürich, alishika msimamo mwingine: atomu ya kobalti hukaa katikati, ikazungukwa na majirani sita, na kundi lote huwa ioni moja. Hiyo ndiyo ioni changamani.

Je, majirani hao wamepangwaje? Werner alijibu kwa kuhesabu. Tuchukue ioni yenye molekuli nne za amonia na klorini mbili. Lau majirani sita wangekaa katika duara bapa, au katika mche wa pembetatu, klorini hizo zingepangika kwa namna tatu. Katika umbo la nyuso nane lenye pembe sita, namna ni mbili tu: ama klorini zinapakana, ama zinakabiliana huku kobalti ikiwa katikati yao. Hizo ndizo isoma: viambato ni vilevile, idadi ni ileile, mpangilio ni tofauti. Isoma ya kijani, ambayo klorini zake zinakabiliana, ilikuwa inajulikana. Ya urujuani ilikosekana hadi 1907, Werner alipoitengeneza, na Jørgensen akakubali kushindwa. Mwaka 1911 Werner na mwanafunzi wake, Victor King, walitenganisha isoma zinazofanana na kutofautiana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1913.

Mwaka huohuo wa 1911, Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, iliyeyusha shaba yake ya kwanza huko Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Uzalishaji wa kobalti ulianza katika miaka ya 1920. Kiswahili, ambacho misafara ya biashara ya karne ya 19 ilikuwa imekifikisha mashariki mwa Kongo, kikawa lugha ya kambi na ya kazi. Johannes Fabian, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1986, anaihusisha historia ya Kiswahili hicho na utawala wa kikoloni. Basi lugha ilibeba amri za kuchimba. Maarifa ya kile kilichochimbwa yakabaki katika lugha nyingine.

Yawezekana kudaiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hilo halina uzito. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Zaidi ya hayo, hoja ya Werner yenyewe imesimama juu ya maneno ya kila siku: katikati, jirani, kupakana, kukabiliana, kuhesabu.

Katiba ya Kongo ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Hatupendekezi Kifaransa kitupwe. Tunachosisitiza ni kwamba nchi inayochimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia haina budi kuwaeleza watoto wake, kwa lugha wanayoifikiria, metali hiyo ni kitu gani.