Nauli Mkononi: Kupanda na Kuanguka kwa People Express

Kwa miaka arobaini hivi, tangu 1938, shirika la ndege la Marekani halikuweza kuanzisha safari mpya kati ya majimbo wala kupunguza nauli bila idhini ya Serikali. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kulegeza kamba hiyo, na soko likawa la mwenye ubavu.

Donald Burr alikuwa miongoni mwa waliowahi. Alitoka shirika la ndege la Texas International, alikofanya kazi chini ya Frank Lorenzo, akaanzisha People Express. Aprili 30, 1981, ndege zake zilianza kuruka kutoka Newark, New Jersey, katika jengo kuukuu ambalo wakubwa hawakulitamani. Zilikuwa Boeing 737 zilizokwishatumiwa na Lufthansa ya Ujerumani.

Abiria alipanda kwanza, akalipa baadaye. Ndege ikiwa angani, mhudumu alisukuma toroli katikati ya viti akipokea nauli, mfano wa kondakta wa daladala. Kahawa senti 50, begi la kupakiwa chini dola 3. Waajiriwa wa kudumu waliitwa mameneja na walitakiwa kununua hisa. Hata rubani akishatua angeweza kupangiwa kazi ya ofisini. Watu waliozoea basi wakaonja anga. Mei 1983 shirika lilivuka bahari hadi London kwa dola 149, na kufikia 1985 mapato ya mwaka yalikaribia dola bilioni moja.

Lakini mlango uliofunguliwa haukuwa wa wageni peke yao. Januari 1985 American Airlines, chini ya Robert Crandall, ilishusha nauli kwa abiria anayekata tiketi mapema, huku kompyuta zake zikikadiria viti vingapi viuzwe rahisi na vingapi vimsubiri mfanyabiashara wa dakika ya mwisho. Burr hakuwa na mitambo ya kushindana nayo. Aliyeweka nafasi kwa simu bila kulipa angeweza asitokee. Shirika likaandikisha watu kupita idadi ya viti, na siku wote walipofika, wengine waliachwa uwanjani.

Badala ya kutulia, Burr alilinunua shirika la ndege la Frontier, la Denver, mwaka huohuo wa 1985. Frontier ilikuwa ikipata hasara, na Agosti 1986 ikafilisika. Mzigo huo ukamwelemea Burr, na aliyebaki kuinunua People Express alikuwa bosi wake wa zamani, Lorenzo. Februari 1, 1987, ndege za People Express ziliingizwa katika shirika la Lorenzo la Continental.

Nauli rahisi haikuzikwa pamoja na People Express. Iligeuzwa chambo cha kompyuta: leo wawili hukaa bega kwa bega, mmoja kalipa maradufu ya mwenzake. Toroli la Newark lilipoanza kazi, kila kiti kwenye ndege moja kilitozwa sawa.