Jenereta ya kodi: kutoka maelezo ya API mpaka kodi yenye aina

Leo naweka mada ambayo vijana wanaojifunza kutengeneza programu wanaiulizia kila siku, halafu majibu wanayopewa ni ya Kizungu kitupu. Kwanza tuelewane: kodi ninayoizungumzia humu ni ile wanayoandika maprograma. Siyo ya TRA wala ya mwenye nyumba.

Chukulia mfano huu. Kijana ametengeneza kamfumo ka kukatia tiketi za boti pale Kibirizi. Anakuja mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, anataka kwenda Mwamgongo, analipa nauli kwa simu. Meseji inaingia, salio lake limepungua. Lakini kwenye kompyuta ya mkatisha tiketi panaandika HAJALIPA. Mama anabishana, foleni inapiga kelele, boti inaondoka. Mtandao haukukatika na wala hakuna aliyeiba. Kampuni ya simu ilijibu "0" yenye alama za nukuu, maana yake malipo yamekubaliwa. Kijana kwenye kodi yake alikuwa anangojea 0 isiyo na alama. Kwetu sisi sifuri ni sifuri. Kwa kompyuta moja ni maandishi na nyingine ni namba, na kwenye JavaScript ukizilinganisha kwa alama tatu za sawasawa (===) inakwambia hazifanani.

Hiyo tofauti ndiyo inayoitwa aina. Namba ni aina, maandishi ni aina, ndiyo/hapana ni aina, orodha ni aina. Kodi yenye aina ni ile ambayo kila kitu kimetajwa aina yake mapema, ili kosa likamatwe ukiwa bado unaandika, kabla mama hajafika dirishani.

Na API ni nini? Ni dirisha ambalo programu moja inaomba kitu kwa programu nyingine kupitia intaneti. Mfumo wako wa tiketi unabisha hodi kwenye seva ya kampuni ya simu, unasema "mtoze huyu shilingi kadhaa", unapewa jibu. Maombi na majibu siku hizi mara nyingi husafiri kama maandishi ya JSON. Maelezo ya API ni faili linaloeleza dirisha hilo: anwani zake, unatakiwa upeleke nini, utarudishiwa nini, na kila kipande ni cha aina gani.

Watu wa Kigoma hili tusilione geni. Meli yetu ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli, ikaungwa upya hapa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. JSON ni hayo masanduku. Maelezo ya API ni ule mchoro unaosema sanduku hili lina nini na kinakaa wapi. Mtu anayeunga meli kwa kubahatisha kila sanduku lina nini, mimi meli yake sipandi.

Sasa jenereta ya kodi inakuja hapo. (Jenereta tunazijua sisi, kwa miaka mingi umeme wa mjini ulikuwa wa majenereta ya dizeli ya TANESCO. Hii ya leo hainywi mafuta.) Ni programu inayosoma lile faili la maelezo na kukuandikia kodi yenyewe: aina zote, na pengine hata zile kazi za kupiga hodi na kupokea jibu. Faili la maelezo linaweza kuwa na sehemu kama hii:

Malipo:
  type: object
  required:
    - simu
    - kiasi
    - sarafu
  properties:
    simu:
      type: string
    kiasi:
      type: string
    sarafu:
      type: string
      enum:
        - TZS
        - BIF
        - CDF
    maelezo:
      type: string

Ukiwa na Node kwenye mashine, unaandika amri moja tu:

npx openapi-typescript malipo.yaml -o malipo.ts

Ndani ya faili linalotoka, kiini chake kinakuwa hivi:

Malipo: {
  simu: string;
  kiasi: string;
  sarafu: "TZS" | "BIF" | "CDF";
  maelezo?: string;
};

Angalia ile alama ya kuuliza kwenye "maelezo". Haikuwemo kwenye orodha ya vitu vya lazima, kwa hiyo jenereta imeweka alama kwamba inaweza isiwepo. Ukijaribu kuitumia bila kuhakikisha ipo, na ukaguzi wa TypeScript umeuwasha wote, unagombezwa hapo hapo. Ukiandika "TSH" badala ya "TZS" unagombezwa pia. Hakuna mtu anayependa kugombezwa, lakini bora na kompyuta kuliko na abiria.

Historia yake kwa ufupi. Wazo ni la zamani, mwaka 2001 tayari kulikuwa na WSDL, iliyoandikwa kwa XML ndefu mpaka macho yanauma, na jenereta zake zilikuwepo. Mtindo wa sasa ulianza na Tony Tam na wenzake waliokuwa Wordnik, tovuti ya kamusi ya Kiingereza, waliotoa Swagger mwaka 2011. Mwaka 2015 ukakabidhiwa chini ya Linux Foundation, jina likabadilika kuwa OpenAPI. Toleo la 3.0 lilitoka 2017, la 3.1 likatoka 2021. Mwaka 2018 baadhi ya waliokuwa wanaitunza Swagger Codegen wakajitenga wakaanzisha OpenAPI Generator, ambayo inatoa kodi kwa lugha nyingi sana: Kotlin ya Android, PHP, Python, Java na kadhalika. Hii inahitaji Java kwenye mashine, na ndiyo maana kwa kuanzia nimewapa ile nyepesi ya TypeScript.

Turudi kwenye pesa, maana ndiko kwenye kazi.

Safaricom ya Kenya walifungua dirisha lao la M-Pesa linaloitwa Daraja mwaka 2017. Nawachukua wao kwa sababu mifano yao ya majibu iko wazi na imenakiliwa kila kona ya intaneti, siyo kwamba ndio wabaya kuliko wote. Ukipeleka ombi la kumtoza mteja, jibu la kwanza lina ResponseCode ya "0", maandishi. Baadaye wakikuletea taarifa kwamba mteja ameweka namba ya siri, ndani yake kuna ResultCode ya 0, namba. Ukiamua kuuliza mwenyewe hali ya muamala ule ule, ResultCode inarudi "0", maandishi tena. Jina ni moja, maana ni moja, aina ni mbili!

Kiasi cha pesa nacho vivyo hivyo. Kwenye taarifa ile Amount inakuja kama namba, 1.00. Kwa mteja aliyelipa mwenyewe kwa paybill, TransAmount inakuja kama maandishi, "10". Programa mchanga anayejumlisha maandishi kwenye JavaScript anapata kioja: gunia "50000" ukijumlisha na nauli "1500" unapata "500001500". Yaani imeyabandika tu. Kwenye skrini ya majaribio utacheka, kwenye daftari la mfanyabiashara wa mawese wa Ujiji hakuna atakayecheka.

Namba ya simu nayo kwenye taarifa ile ni namba, 2547 na kuendelea. Kwa kuwa inaanza na 254 inapona. Ukiiga mtindo huo ukahifadhi 0754 kama namba, ile sifuri ya mbele inapotea. Ushauri wangu: namba ya simu siyo namba. Hakuna mtu anayejumlisha simu mbili. Iandike maandishi.

Upande wetu, Vodacom Tanzania wako kwenye tovuti ya M-Pesa inayoitwa Open API, inayohudumia pia Kongo na nchi nyingine. Jina lisikuchanganye, kufanana na OpenAPI ya kina Tony Tam hakumaanishi ni kitu kimoja. Kule muamala uliofanikiwa unarudisha output_ResponseCode ya "INS-0". Kwa hiyo ukichukua kodi ya jamaa wa Nairobi ukaibandika Kigoma bila kubadilisha, itasubiri "0" mpaka jogoo awike. Kama majibu yote yangekuwa yameorodheshwa kwenye faili la maelezo kama zile sarafu tatu hapo juu, kompyuta ingekwambia mapema kwamba "0" haimo.

Walio makini na hili ni Mojaloop, mfumo huria wa kuunganisha benki na mitandao ya simu uliotoka 2017 kwa msaada wa taasisi ya Gates. Faili lao la maelezo liko wazi kwa kila mtu. Humo kiasi cha pesa ni maandishi kwa makusudi, na kina kanuni ya jinsi kinavyoandikwa, na sarafu inachaguliwa kwenye orodha. Kwa nini maandishi? Kwa sababu kompyuta nyingi zikipewa desimali kama namba zinakosea kidogo kidogo, 0.1 na 0.2 ukizijumlisha kwenye JavaScript unapata 0.30000000000000004. Anayetaka kuona faili la maelezo lililoandikwa kwa akili alipakue hilo asome.

Sasa ubaya wa jenereta, maana siyo muujiza. Inaamini kila ilichoandikiwa. Faili likisema kiasi ni namba na seva ikaleta maandishi, kodi yako itakuwa safi kabisa na bado itakuwa na uongo ndani. Na aina za TypeScript hufutwa programu inapogeuzwa kuwa JavaScript, hivyo wakati wa kazi hakuna askari mlangoni. Jibu linapoingia lazima ulikague mwenyewe, au utumie maktaba ya ukaguzi kama Zod au Ajv. Kwa pesa, hili usiliruke.

Tatizo la pili ni kwamba kampuni nyingi za huku hazikupi faili. Zinakupa PDF. Jenereta haisomi PDF. Hapo kaa chini uandike faili la maelezo mwenyewe, tena usilinakili kutoka kwenye PDF peke yake. Piga dirisha la majaribio, hifadhi majibu halisi, la mafanikio, la salio kutotosha, la mteja kukataa, halafu aina ziandike kutokana na hayo. Ni kazi ya siku moja au mbili. Watu wanaikwepa, halafu wanakesha wiki nzima wakitafuta ile sifuri.

Kuna jambo moja la ziwa letu ambalo maelezo ya watu wa Ulaya hayatakukumbusha. Ng'ambo ya pili, Uvira na Kalemie, na kule Bujumbura, saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Daraja wanaleta tarehe kama 20191219102115, mwaka mpaka sekunde, bila kusema ni saa za wapi. Kenya haiwasumbui, nchi nzima saa moja. Ukiwa na abiria wa Bujumbura, saa 4 asubuhi ya kwake ni saa 5 ya Kigoma. Kwenye faili lako andika date-time, ambayo inalazimisha kutaja tofauti ya saa, +03:00 au +02:00. Ila usiweke date-time juu ya ile tarehe ya Daraja, kodi ya Kotlin au Java iliyozalishwa itashindwa kuisoma. Pokea kama ilivyo, igeuze mwenyewe.

Faranga ya Burundi nayo, kwa orodha ya kimataifa ya sarafu, haina senti, wakati shilingi yetu kwenye karatasi bado inazo mbili. Mfumo unaozidisha kila kitu kwa 100 utamtoza Mrundi mara mia. Weka kanuni kwa kila sarafu.

Mwisho, faili lililozalishwa usilihariri kwa mkono. Ukizalisha tena, mabadiliko yako yote yanafutika. Badilisha maelezo, zalisha upya, kisha tazama kompyuta inalalamika wapi. Kwa wale wa kafe, faili la maelezo halizidi kilobaiti chache, linakaa kwenye flashi au ukajitumia kwa barua pepe. Kama mashine haina Node wala Java, fungua editor.swagger.io kwenye kivinjari, bandika maelezo yako, itakuonyesha makosa, na kwenye menyu yake kuna sehemu ya kuzalisha kodi ukapakua zipu. Funguo za siri za malipo usizibandike humo, wala usiziache kwenye mashine ya kafe.

Mwenye faili la maelezo aliloandika mwenyewe kwa Airtel Money au Mixx by Yas (Tigo Pesa ya zamani) aliweke kwenye maoni tulilinganishe. Naomba kuwasilisha.