Hari ya Ulaya ya Mwaka 2003 na Mjadala wa Sababu Zake

Hari ya Ulaya ya mwaka 2003 ni joto kali lililozifika nchi za magharibi na za katikati ya bara hilo tangu mwezi wa Juni, likafikia upeo wake katika nusu ya kwanza ya Agosti, na ambalo, kwa hesabu iliyotangazwa na watafiti mwaka 2008, liliongeza vifo zaidi ya 70,000 juu ya kiasi cha kawaida cha majira yale. Ufaransa peke yake ilipoteza watu wapatao 15,000. Habari zake zimestahili kuelezwa hapa si kwa wingi wa maiti tu, bali pia kwa kuwa huhesabiwa kuwa tukio la kwanza la hali ya hewa ambalo maulamaa walijaribu kupima, kwa hesabu na kwa burhani, ni kadiri gani ya hatari yake iliyotokana na kazi ya mikono ya binadamu; na katika mjadala uliofuata ndimo ilimodhihirika tofauti baina ya shaka inayoitafuta kweli na shaka inayoikimbia.

Jinsi hari ilivyofanyika

Mvua zilikuwa haba katika sehemu nyingi za Ulaya tangu mwanzo wa mwaka, hata Juni ilipoingia udongo ulikuwa umekwisha kukauka. Udongo wenye maji hulila fungu kubwa la joto la jua katika kuyageuza maji kuwa mvuke. Ukikauka, fungu hilo halina pa kwenda ila hewani. Juu ya ardhi hiyo kavu ikatua hewa yenye kanieneo kubwa, ishukayo polepole, izuiayo mawingu yasifanyike na pepo za baharini zisipenye, ikakaa hapo siku baada ya siku. Tarehe 10 Agosti kipimo cha Faversham, katika jimbo la Kent nchini Uingereza, kilionyesha nyuzi 38.5 za Selsiasi, joto ambalo halikuwahi kuandikwa katika nchi ile. Kesho yake kijiji cha Grono huko Uswisi kikafikia 41.5; na Ureno, ambako joto lilipita nyuzi 47, moto uliteketeza mwaka huo misitu na vichaka vya zaidi ya hekta 400,000. Katika jimbo la Burgundy, ambako siku za kuanza mavuno ya zabibu zimeandikwa madaftarini kwa karne nyingi, wataalamu waliozitumia siku hizo kukadiria joto la zamani walihitimisha kwamba yumkini hapakuwa na majira ya joto kama yale tangu mwaka 1370.

Msiba wa Paris

Majumba mengi ya Paris ya karne ya 19 yameezekwa kwa mabati ya zinki, na chini ya mabati hayo mna vyumba vidogo vya darini vilivyojengwa kwa ajili ya watumishi, ambamo baadaye walikuja kukaa wanafunzi, mafukara na wazee wasio na mtu. Bati hupokea jua mchana kutwa na kulishusha ndani, na mawe ya jiji hulitoa usiku joto yaliloliweka mchana. Katikati ya msiba ule kulikuwa na usiku ambao joto la Paris halikushuka chini ya nyuzi 25.5. Mwili wa mzee, ambao kiu yake imefifia na jasho lake limepungua, huutegemea ubaridi wa usiku ili moyo upate kupumzika; ukiunyimwa usiku mmoja hustahimili, ukiunyimwa mfululizo hushindwa. Wengi mno wa waliokufa walikuwa wametimiza miaka 75 au zaidi, na wengi walifia vyumbani mwao peke yao, kwa kuwa Agosti ndio mwezi ambao Wafaransa huenda likizo, majirani wakafunga milango na hospitali zikabaki na watumishi wachache.

Tarehe 10 Agosti daktari Patrick Pelloux, kiongozi wa chama cha madaktari wa dharura, alitangaza hadharani kwamba watu wanakufa kwa joto, ilhali wakuu wa serikali walikuwa bado hawajaukiri ukubwa wa jambo. Siku ya pili yake Waziri wa Afya, Jean-François Mattei, aliihutubia nchi kwa televisheni kutoka nyumba yake ya mapumziko, akawatuliza watu. Tarehe 18 Mkurugenzi Mkuu wa Afya, Lucien Abenhaïm, akajiuzulu. Maiti zilizidi nafasi, hata ikabidi ghala la baridi katika soko kuu la vyakula la Rungis ligeuzwe kuwa mahali pa kuzihifadhi. Tarehe 3 Septemba, katika makaburi ya Thiais, maiti 57 ambazo hapakutokea jamaa wa kuzichukua zilizikwa mbele ya Rais Jacques Chirac.

Chimbuko la elimu ya sababu

Swali la kwa nini dunia inazidi joto halikuzaliwa na msiba huo. Mwaka 1856 Eunice Foote wa Marekani alionyesha kwamba chupa iliyojaa hewa ukaa, ikiwekwa juani, hupata joto zaidi ya iliyojaa hewa ya kawaida. Tangu 1859 John Tyndall, huko London, alipima jinsi hewa hiyo na mvuke wa maji vinavyolizuia joto lisitoke. Na mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi alikadiria dunia ingepata joto kiasi gani lau hewa ukaa ingezidishwa maradufu. Mwaka 1938 Guy Callendar, mhandisi wa mitambo ya mvuke, alikusanya vipimo vya vituo vingi vya dunia akadai kwamba ongezeko hilo limekwisha kuanza, na wengi hawakumsadiki. Charles David Keeling alipoanza vipimo vyake katika mlima wa Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, hewa ukaa ilikuwa kiasi cha sehemu 315 katika kila milioni. Sasa imepita 420.

Hoja kwamba jua ndilo lenye kosa ilistahili kuchunguzwa, nayo ilichunguzwa. Vyombo vya angani vimeupima mwanga wa jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wala havikuona ongezeko linaloweza kueleza joto lililozidi katika muda huo. Tena, lau jua lingalikuwa sababu, tabaka za juu za hewa zingalipata joto pamoja na za chini. Lakini za juu zimepoa huku za chini zikipata moto, na hiyo ndiyo alama ya joto lililozuiwa chini lisipande.

Hukumu juu ya hari ya 2003

Desemba 2004 Peter Stott, Dáithí Stone na Myles Allen walitoa katika jarida la Nature uchunguzi uliolibadili swali lenyewe. Hawakuuliza kama binadamu ndiye aliyeleta hari ile, maana hari kali zilikuwako kabla ya viwanda. Waliuliza majira kama yale yangetokea mara ngapi katika ulimwengu huu tulio nao, na mara ngapi katika ulimwengu ambao binadamu hakuchoma makaa wala mafuta. Wimbi livukalo ukuta wa bandari huletwa na upepo, walakini maji yakiwa ya bamvua mawimbi mengi zaidi huvuka. Jibu lao, kwa uhakika uzidio asilimia 90, lilikuwa kwamba binadamu ameizidisha hatari ya majira kama yale angalau mara mbili.

Ikhtilafu haikwisha kwa hayo. Mwaka 2006 Claude Allègre, mtaalamu mashuhuri wa kemia ya miamba na waziri wa zamani wa elimu wa Ufaransa, aliandika katika gazeti la L'Express makala yenye kuitaja theluji ya Kilimanjaro, akatia shaka kwamba binadamu ndiye chanzo cha joto la dunia. Mfano wake ulikuwa na chembe ya ukweli: barafu ya Kibo, kilele cha mlima huo, imepungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, na wachunguzi kama Georg Kaser na Thomas Mölg walikwisha kuonyesha kwamba upungufu wa unyevu katika hewa ya Afrika Mashariki una fungu kubwa katika jambo hilo, na utabiri wa mtafiti Lonnie Thompson wa mwaka 2002, kwamba barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020, haukutimia. Lakini mlima mmoja si mizani ya dunia nzima, na aliyeonyesha kwamba barafu ya Kibo hupungua kwa ukavu hakuonyesha kwamba hewa ukaa haizuii joto. Kaser na Mölg walitia shaka kwa vipimo, elimu ikafaidika. Allègre aliichukua shaka ya mahali pamoja akaifanya kanuni. Mwaka 2010 wanasayansi zaidi ya 400 wa Ufaransa walimwandikia waziri wao barua ya kumlalamikia Allègre, na Oktoba mwaka huo Chuo cha Sayansi cha nchi hiyo, baada ya mjadala, kilitamka kwamba sababu kuu ni kuzidi kwa hewa ukaa. Jopo la kimataifa la tabianchi, katika ripoti yake ya 2021, lilisema jambo hilo halina shaka tena.

Yaliyofuata

Mwaka 2004 Ufaransa iliweka mpango wa hari: daraja za tahadhari, madaftari ya wazee wakaao peke yao kushikwa na serikali za miji ili wapigiwe simu na kutembelewa, na chumba cha ubaridi katika nyumba za kutunzia wazee. Julai 2006 joto kali liliporudi, vifo vilipungua kwa maelfu kuliko ilivyokadiriwa kwa joto kama hilo. Alhasili walioilaumu serikali mwaka 2003 hawakukosea, maana uangalizi huokoa. Wala waliotaja hewa ukaa hawakukosea. Lakini hari nayo imeongezeka: tarehe 25 Julai 2019 Paris ilifikia nyuzi 42.6, Uingereza ikapita nyuzi 40 Julai 2022, na katika majira ya joto ya mwaka huo vifo vya hari barani Ulaya vilikadiriwa kuzidi 60,000, licha ya mipango yote iliyokwisha wekwa. Idadi hiyo ni hoja ya kutosha kwamba kumhudumia mzee kwa maji na kivuli ni wajibu usiomwondolea mtu wajibu wa pili, nao ni kuacha kuichoma akiba ya makaa na mafuta inayolizidisha joto lenyewe.